Picha za Ukutani: Tathmini ya Upigaji Picha wa Ridhaa Wilayani Rungwe

Tangu Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, yameandikwa mengi katika nchi yetu juu ya ngoma, ushairi, methali, uchongaji na sanaa za maonyesho. Juu ya picha za kamera tumesoma machache, na hayo machache aghalabu yahusu picha za magazeti na za viongozi. Picha ya mwananchi wa kawaida, aliyopigwa na ndugu yake mbele ya nyumba yake mwenyewe, haijapata mhakiki. Huhesabiwa kuwa ni jambo la mchezo. Hata hivyo, ingia nyumba yoyote baina ya Kiwira na Masoko, au baina ya Tukuyu mjini na Mwakaleli, nawe utaona kwamba mgeni akishapewa kiti huelekezwa kwenye ukuta wa picha, au siku hizi hukabidhiwa simu ya mwenyeji ili azitazame humo.

Katika makala haya tumekusudia kuzihakiki picha hizo kama tuzihakikivyo tungo: mpangilio wake kwanza, kisha athari yake kwa mtazamaji. Tusemapo picha za ridhaa tuna maana ya picha zilizopigwa na watu ambao upigaji picha si kazi yao: mwalimu, karani, kijana aliyerudi likizo, shemeji mwenye kamera ya kuazima. Hatuwataji kwa majina, kwa kuwa hawakutuomba tuwahukumu.

Tuanze na nuru, maana bila ya nuru hakuna picha. Nuru ya Rungwe si nuru ya pwani. Wilaya yetu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata mvua ikatikapo, miezi ya Juni na Julai huja na ukungu unaoufunika mlima Rungwe siku nzima. Mpigapicha wa ridhaa huwapanga watu wake uwanjani, nyuma yao pakiwa na anga jeupe la ukungu. Kamera hulipima lile anga badala ya kuzipima nyuso, na nyuso hutoka nyeusi tititi, hazina macho wala kinywa. Wengine hukimbilia migombani wakidhani kivuli kitawaokoa. Huko nako nuru iliyochujwa na majani huwapaka watu rangi ya kijani, wakaonekana kama waliotoka hospitali.

Yafaa tukiri kwamba kosa hilo halikuwa la mkono wa mpigapicha peke yake. Filamu za rangi tulizozitumia zilitengenezwa ughaibuni, na kwa miaka mingi viwanda na maabara za huko vilisawazisha rangi kwa kutazama kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yetu haikuwamo katika hesabu. Lakini dawa ya kosa hili ipo, wala haihitaji fedha. Mtu asimame barazani, chini ya ukingo wa paa, uso wake ukielekea nje. Nuru ya ukungu itamwangukia taratibu bila kumkunjisha uso, na nyuma yake patakuwa na ukuta badala ya anga. Picha bora tulizoziona wilayani, za zamani na za sasa, nyingi zilipigwa barazani. Waliozipiga hawakusoma kanuni hiyo popote. Walikuwa wakikimbia mvua.

Baada ya nuru huja mpangilio, na hapa ndipo wahakiki huwa wepesi kukosea. Vitabu vya ufundi wa picha hufundisha kwamba mtu asiwekwe katikati kabisa, kwamba watu wasipangwe msitari kama askari, na kwamba pengo tupu katikati ya picha huivunja. Ukizichukua kanuni hizo kama msumeno, picha nyingi za Rungwe zitaanguka. Watu wetu husimama wima, mikono pembeni, macho kwenye kamera, hawacheki. Mzee huketi katikati. Wenye kuona haraka husema kwamba huo ni ugumu na uoga wa mashine.

Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa hao wenye kuona haraka. Katika nyumba moja juu ya Tukuyu tulionyeshwa picha ya familia ambayo maandishi ya nyuma yake yasema ilipigwa mwaka 1979. Mzee ameketi kwenye kiti, wanawe wamesimama nyuma yake, watoto wamekaa chini. Kisha pana pengo kubwa ambamo hamna kitu ila kisiki cha mgomba na kuku mmoja. Baada ya pengo hilo, ukingoni mwa picha, amesimama mwanamke kijana, amejigeuza nusu mgongo, kitambaa kimeshushwa hata kwenye nyusi. Mpigapicha alirudi nyuma mno ili awapate wote, hivyo nyuso zote ni ndogo kama punje za mahindi. Tulitoa hukumu yetu pale pale: picha imegawanyika vipande viwili, na watu wako mbali mno.

Mama mwenye nyumba, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu wengi, alicheka. “Mwanangu,” alisema, “huyo wa pembeni ni mimi. Nilikuwa nimeolewa mwaka ule ule. Baba mkwe ameketi pale. Ulitaka nisimame wapi?”

Akatueleza kwamba kwa desturi ya Wanyakyusa wa wakati wake mke wa mwana hakutazamana na baba mkwe, wala hakumpitia karibu. Siku ile shemeji yake alipoleta kamera, yeye alikwenda zake jikoni ili asiwape taabu. Mzee ndiye aliyekataa. Alisema picha isipigwe mpaka mke wa mwanawe naye awemo. Ndipo wakapima mahali pa kumsimamisha, naye shemeji akarudi nyuma hatua kwa hatua, hata akakanyaga matuta ya viazi, mpaka wote wawili wakaingia.

Tuliitazama tena picha ile tukaiona nyingine. Lile pengo tuliloliita kosa ndilo lililokuwa limepangwa kuliko kitu chochote humo. Lilibeba amri mbili zilizopingana, ile ya kumheshimu baba mkwe kwa kukaa mbali naye, na ile ya mzee kwamba mkwe ni mtu wa nyumba hii na lazima aonekane. Shemeji mwenye kamera ya kuazima alizitimiza zote mbili, na gharama yake ikawa ni nyuso kuwa ndogo. Hatujui mpigapicha wa kulipwa ambaye angefanya vizuri zaidi. Yumkini angemsogeza yule mwanamke karibu na wenzake, akaharibu.

Tangu siku ile tumeshika kanuni moja, nayo ndiyo tunayotaka kuitoa katika makala haya. Mpangilio wa picha ya nyumbani ni adabu ya mahali ilipopigwa, na kabla ya kuuhukumu hatuna budi kuijua adabu hiyo. Swali la kwanza la mhakiki lisiwe kama picha yapendeza, bali kama anayeitazama aweza kujua ni nani waliomo, wako wapi, na wanasimamaje wao kwa wao. Picha ile ya mwaka 1979 yajibu yote matatu.

Hata hivyo, heshima isifanywe kichaka cha kufichia uzembe. Kichwa kilichokatwa hakina adabu yoyote ndani yake. Nguzo ya umeme iotayo kutoka utosini mwa bibi harusi haina desturi ya kuilinda. Kivuli cha mpigapicha kilicholala juu ya miguu ya wazee ni kosa katika kila lugha. Haya hutokea kwa sababu mpigapicha hutazama sura moja tu, ile ya ampendaye, akasahau pembe nne za picha. Anayetunga shairi huuhesabu ubeti mzima kabla ya kuuandika, na mpigapicha naye azipitie pembe zote nne kabla ya kubonyeza.

Liko kosa jingine ambalo ni zito zaidi, kwa kuwa si la mkono. Ni kosa la kuficha. Katika studio nyingi za miji yetu, na si ya Tukuyu tu, mtu alisimamishwa mbele ya pazia lililochorwa maghorofa, ndege au bustani ya ng'ambo. Wapigapicha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa katika miaka ya 1990, na hatuwadharau, kwani pazia lao lilikuwa ndoto iliyowekwa wazi kuwa ndoto. Lakini mpigapicha wa nyumbani wa Rungwe, aliye na mlima, migomba, mashamba ya chai na nyumba yenyewe, naye hutafuta pazia. Huliondoa jembe. Humwambia mama afiche kikapu. Humvalisha mtoto koti la kuazima na kumsimamisha kando ya gari la mgeni. Mwishowe familia yabaki na picha ya gari wasilolijua mwenyewe, na jembe lililowalisha miaka 40 halina picha hata moja.

Vijana wenye simu wamelitambua kosa hilo wakaingia katika kinyume chake. Siku hizi picha za chai ya Katumba zimejaa kila mahali: mistari ya kijani, jua lichomozalo, ukungu bondeni, na wachumaji wakiwa vitone vyenye vikapu. Nyingi katika hizo ni nzuri kwa macho, na nuru yake imepimwa vyema. Lakini tuziulize maswali yetu matatu. Wako wapi? Twajua. Ni nani? Hatujui, maana hakuna uso hata mmoja. Wanasimamaje wao kwa wao? Hatujui, maana wamefanywa kuwa pambo la shamba. Mchumaji mmoja alionyeshwa picha ya namna hiyo mbele yetu. Aliitazama kwa muda, akauliza: “Na mimi ni yupi hapa?” Mpigapicha hakuweza kumwonyesha.

Yafaa tukumbuke kwamba jicho la kutuona bila ya majina lilifika huku zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 alipita katika nchi hii daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, akiwa na kamera. Mwaka 1902 alichapisha kitabu juu ya maumbile ya miili ya watu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na mwaka 1906 kitabu kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma na wenyeji wake. Wazee wetu, ambao Wajerumani waliwaita Wakonde, wamo humo. Fülleborn hakuwa mpigapicha wa kazi. Kwa maana hiyo yeye pia alikuwa wa ridhaa. Lakini alipowapiga watu picha ya uso na ya ubavu, alikuwa akitafuta kipimo cha fuvu na pua. Picha za namna hiyo zaweza kuwa safi, zenye nuru ya kutosha, na bado mtu asiwemo.

Kati ya mwaka 1934 na 1938 walikuja Godfrey Wilson na mkewe Monica, nao si wapigapicha wa kazi bali wataalamu wa elimu ya jamii. Hao walikaa, wakajifunza Kinyakyusa, na wakaandika kwa kirefu juu ya jamaa, mazishi, na ile desturi ya mkwe na baba mkwe tuliyoitaja hapo juu. Picha na maandishi yao vimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Hatusemi kwamba macho yao hayakuwa ya wageni. Twasema kwamba anayeijua adabu ya nyumba atapiga picha tofauti na yule aliyekuja na rula.

Tungependa kusema kwamba rula hiyo iliondoka pamoja na wakoloni. Haikuondoka. Sisi tunaoandika haya ni watumishi wa serikali, na kwa miaka mingi tumepokea picha za pasipoti kutoka kwa wananchi. Tumezikata kwa mkasi zienee katika kisanduku cha fomu, tukazibandika kwa gundi, na kuzirudisha zile zilizoonyesha mtu akitabasamu. Jalada lahitaji hivyo, wala hatulilaumu. Lakini matokeo yake tuliyaona msibani.

Alifariki mzee mmoja tuliyemfahamu, mkulima wa chai na mpiga ngoma, mtu wa maneno mengi na vicheko. Watu walikusanyika chini ya turubai kama ilivyo desturi ya Rungwe, ambako msiba haukosi watu. Juu ya jeneza iliwekwa picha yake katika fremu. Familia ilitafuta nyumba nzima isipate picha nyingine ila ile ya kitambulisho, wakaipeleka mjini ikakuzwa. Ilikuwa sura ya mtu aliyeambiwa asitikisike: macho yamekodolewa, shingo imekazwa, nyuma yake shuka jeupe. Kwa kukuzwa, picha ilichakaa, na mashavu yakawa madoa. Mjukuu wake, aliyefika kutoka Dar es Salaam, alituuliza kwa sauti ya chini kama babu yake alikuwa mtu mkali. Hakuwa mkali hata kidogo. Wakati huo huo simu zaidi ya 20 ziliinuliwa kulipiga picha jeneza.

Tuliona haya. Mtu aliyeishi miaka 80 alipigwa picha mara moja, na ofisa. Jeneza lake lilipigwa mara 100 kwa siku moja, na jamaa zake. Hiyo ndiyo athari ya picha, na ndiyo sababu hatukubali kwamba jambo hili ni la mchezo. Picha ya ukutani ndiyo itakayomwambia mjukuu babu yake alikuwa nani, hasa mjukuu anayekulia mbali na migomba hii. Ikisema uongo, hakuna wa kuisahihisha baada ya wazee kwenda.

Picha ni ushahidi, na wilaya yetu ina mfano wa kujivunia. Wawindaji wa mlima Rungwe walimjua kwa jina nyani wa misituni aitwaye kipunji kabla ya wataalamu kumwamini. Watafiti walimwona mlimani mwaka 2003, na mwaka uliofuata akaonekana pia katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Maelezo yake ya kisayansi yalipotolewa mwaka 2005, kielelezo kilichowekwa mbele ya dunia kilikuwa picha ya mnyama aliye hai, si ngozi wala fuvu. Wataalamu walibishana, na ubishi wao haukuwa juu ya uzuri wa picha bali kama yatosha kuwa shahidi. Mwaka 2006, baada ya kipunji mmoja kupatikana amekufa katika mtego wa mkulima na kuchunguzwa, ilitangazwa kwamba huyu ni jenasi mpya kabisa. Ikiwa mnyama wa msituni aliweza kuletewa ushahidi kwa picha yake, itakuwaje mzee wa nyumbani akose?

Ushahidi, lakini, huhitaji jina. Klabu ya Tukuyu Stars, Banyambala, ilipotwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mwaka 1986, furaha ilienea wilaya nzima. Katika nyumba moja tulionyeshwa picha ya wachezaji wa siku hizo, safu moja imesimama, nyingine imechutama, mpira katikati. Mpangilio wake hauna dosari, kila uso waonekana. Tukaigeuza nyuma: patupu. Watu watatu waliokuwapo walibishana ni nani wa tatu kutoka kushoto, na hawakuafikiana mpaka chai ikaisha. Kalamu ya risasi ingemaliza ubishi huo zamani.

Kwa hiyo twapenda kuwashauri ndugu zetu wapigapicha wa ridhaa mambo machache. Kwanza, mpige mtu angali hai, barazani pake, akiwa na kitu cha kazi yake mkononi, kiwe jembe, kikapu, kitabu au ngoma. Pili, msubiri. Mtu hukaza uso kwa dakika mbili za kwanza, kisha husahau. Picha yake iko baada ya hapo. Akitaka kusimama wima asicheke, mwache, huenda hiyo ndiyo heshima anayoipenda. Tatu, kabla ya kumsogeza mtu yeyote, uliza kwa nini amesimama hapo alipo. Nne, andika nyuma ya picha jina, mahali na mwaka. Zilizomo simuni nazo zichapishwe chache katika karatasi, kwa maana simu huibwa, huanguka mtoni, na hufa na mambo yote yaliyomo.

Shule zetu nazo zaweza kusaidia. Mwanafunzi aliyetumwa kukusanya methali kwa babu yake atumwe pia kuleta picha moja ya babu huyo, yenye jina na maelezo, na mwalimu aihakiki mbele ya darasa kama ahakikivyo insha. Hapo tutapata wapigapicha, na tutapata wahakiki vilevile.

Yule mama wa picha ya mwaka 1979 alituomba jambo moja tulipokuwa tukiaga. Alitaka apigwe picha nyingine mahali pale pale. Baba mkwe alikwisha fariki zamani, na kisiki cha mgomba hakipo tena. Tulitoa simu yetu, tukamwomba asogee kidogo katikati ya uwanja. Alikataa. Alikwenda akasimama kule kule ukingoni, safari hii akitutazama usoni, na kile kiti akaagiza kiwekwe mahali pake, kitupu. Tulirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka vyote viwili vikaingia.